Mbwa kutafuna vitu

Mbwa kutafuna vitu ni tabia ya mbwa wa kufugwa ya kuguguna au kurarua vitu vya nyumbani, kama vile kandambili, viti, nguo na nyaya za umeme. Kutafuna kwenyewe ni jambo la asili, kwa kuwa mbwa hutumia kinywa kuchunguza, kucheza na kujituliza. Huwa tatizo pale anapoharibu mali au kujidhuru, na kinga yake hutegemea sababu.

Sababu

Kuota meno: mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Tangu umri wa miezi 3 au 4 huanza kung'oka na kupisha meno 42 ya kudumu, ambayo kwa kawaida hukamilika katika miezi 6 hadi 7. Wakati huo fizi humuuma, na kutafuna humpa nafuu.

Upweke: mbwa anayefungwa mchana kutwa bila matembezi wala michezo hutafuna kilicho karibu. Anayeguguna mlango kila wenyeji wanapoondoka huenda anaogopa kuachwa peke yake.

Njaa na harufu: katika Kigoma-Ujiji, kwa mfano kata ya Rusimbi, dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ni kitoweo cha kawaida. Harufu ya samaki ikibaki kwenye kikapu, mfuko au wavu, mbwa hukiona kitu hicho kuwa chakula.

Hatari

Vipande vya plastiki, kamba au nguo vikimezwa vinaweza kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Waya wenye umeme unaweza kumuua mbwa.

Mbwa anayeanza ghafla kung'ata mawe, miti au udongo, huku akitokwa na mate mengi, kubadilika sauti au kushindwa kumeza, asidhaniwe kuwa ni mtundu tu. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Asiguswe, wala mtu asimtie mkono kinywani kutafuta mfupa uliokwama. Ofisa mifugo apewe taarifa. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo ili apatiwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Kuzuia

* Viatu, nyavu, vikapu na nyaya viwekwe mahali asipofika.
* Apewe kitu chake cha kutafuna, kama mpira mgumu usiomezeka. Asipewe kiatu kikuukuu, kwa sababu hawezi kukitofautisha na kipya.
* Akishika kitu kisicho chake, asikimbizwe. Abadilishiwe kwa kipande cha chakula, kisha asifiwe.
* Alishwe vya kutosha, apate maji safi, atembezwe kila siku na azoezwe kubaki peke yake kidogo kidogo.
* Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Kumpiga baada ya kukuta uharibifu hakusaidii. Mbwa hahusishi kipigo na kiatu alichotafuna saa moja iliyopita. Akiinamisha kichwa na kufyata mkia, watu hudhani anatubu. Kwa kweli anaogopa, na hofu hiyo inaweza kumfanya atafune zaidi au ang'ate watu.