Saa ya thamani: Raha ni kuivaa au kuihifadhi?

MNAMO Oktoba 26, 2017, saa ya mkono aina ya Rolex Daytona iliyokuwa ya marehemu Paul Newman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, iliuzwa mnadani jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 17.

Saa hiyo haikuwa ya dhahabu, bali ya chuma kisichoshika kutu. Newman, ambaye pia alishiriki mashindano ya magari, alizawadiwa na mkewe, Joanne Woodward, aliyeagiza mgongoni mwake yachorwe maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Aliivaa kwa miaka mingi, kisha mnamo 1984 akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa bintiye, naye akaendelea kuivaa kama saa nyingine yoyote.

Swali ni je, mtu hununua saa ghali kwa nini, ilhali saa ya betri ya bei nafuu hutunza majira kwa usahihi zaidi?

Mkusanyaji huvutiwa na uhaba, historia na ufundi. Mfano ni saa ya mfukoni ambayo kampuni ya Patek Philippe ilimtengenezea tajiri wa New York, Henry Graves, na kumkabidhi mwaka 1933. Ina kazi 24, ikiwamo kuonyesha nyota za anga la jiji hilo. Mwaka 2014 iliuzwa mjini Geneva, Uswisi, kwa takriban dola milioni 24. Kwa mkusanyaji, mkwaruzo mmoja ni hasara, na hata kuisugua saa ing'are kwaweza kuishusha bei.

Mvaaji naye huona raha katika uhai wa saa yenyewe. Zipo saa ambazo mwendo wa mkono huzungusha kipande cha chuma ndani yake na kuikaza kamani. Ukiivua na kuiweka sandukuni, baada ya siku mbili hivi husimama. Kwake, mkwaruzo ni kumbukumbu ya safari au ya kazi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, mafuta ya saa hukauka hata ikiwa imefungiwa. Aidha, mamilioni yaliyolipwa mwaka 2017 yalitokana hasa na mkono ulioivaa saa ile. Laiti Newman angeihifadhi kabatini, wakusanyaji wasingeigombea hivyo.