Kidude Kidogo Masikioni mwa Watoto Wetu

Kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa iPod shuffle mwezi Januari mwaka 2005, wengi waliuliza: kifaa cha gramu 22, tena kisicho na kioo, kitafaa nini? Nasi tulipokishika mara ya kwanza tulistaajabu. Ukikitia mfukoni utasahau kuwa unacho, ilhali kile cha megabaiti 512 hubeba nyimbo zipatazo 120.

Nyumbani tulikijaza kisomo cha Juzuu Amma, ili mtoto asikilize na kuhifadhi. Hapo tukapata somo la kwanza. Nyuma yake ipo swichi: ukiisogeza hapa, husoma kwa mpangilio, ukiisogeza pale, huchanganya. Mtoto aliiacha kwenye kuchanganya. Ikaja An-Nas, ikafuata An-Naba, kisha Al-Fil, na kwa kuwa hapana kioo, hakujua amefika wapi. Tuliisogeza swichi, mambo yakanyooka.

Somo la pili lilikuwa zito zaidi. Bibi yake alimwita mara tatu kutoka uani, asisikie. Tulipozitia spika zile masikioni mwetu, sauti ilikuwa kali mno. Na vinyweleo vya ndani ya sikio, vinavyotuwezesha kusikia, vikifa haviotи tena.

Wazazi wenzetu, kifaa hatukukitupa. Tumepunguza sauti, tumekiwekea muda, na jioni tunakiunganisha na spika za sebuleni, nyumba nzima isikilize. Sasa bibi akiita, huitikiwa.