GARI LISILOVUTA: TULIYOYAONA KIGOMA NA UJIJI

Wanachama wetu wengi wa Unguja na Pemba siku hizi wanayo magari ya kupelekea wachumaji shamba na kuchukulia karafuu kavu hadi kituo cha ununuzi cha ZSTC. Aghalabu ni HiAce au Noah, yaliyokwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kuvuka bahari. Katika magari hayo upo ugonjwa mmoja unaowatia watu hasara. Gari likifika mlimani lakataa kuvuta. Taa ya injini yawaka, dereva akanyaga mafuta hadi chini, na injini yanguruma kidogo tu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Likizimwa na kuwashwa tena, pengine hupona kwa muda, kisha hurudia yale yale. Mwenye gari huambiwa anunue throto nyingine, na fedha ya msimu yaanza kuliwa hapo.

Msomaji asistaajabu tukimpeleka hadi Kigoma kutafuta habari za gari. Njia ya misafara ya kale kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiishia Ujiji, na jamaa wa Kimanyema wapo mpaka leo katika visiwa vyetu, hatukwenda ugenini. Tena mji wa Kigoma umejengwa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na gari liendalo Mwanga na Ujiji sharti lipande. Magari ya namna ile ile tuliyo nayo sisi yashinda yakipanda na kushuka, yakibeba abiria, magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Ugonjwa ambao kwetu waonekana mara moja kwa msimu, kule mafundi waujua kwa sauti.

Kwanza yafaa ifahamike jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Katika gari la zamani, waya wa chuma ulitoka kwenye pedali ya mafuta ukavuta kilango cha hewa cha injini. Katika gari la petroli la namna mpya, kama zile HiAce zilizoanza kutengenezwa mwaka 2004, waya huo haumo. Pedali ina sensa mbili zinazopeleka habari kwa umeme kwenye kontroboksi. Kontroboksi huamuru mota ndogo ifungue kilango, na kwenye kilango nako mna sensa mbili zinazoeleza kimefunguka kiasi gani. Kila mahali zimewekwa mbili kwa sababu ile ile kadhi atakayo mashahidi wawili. Maneno yao yakihitilafiana, kontroboksi haiamini, nayo hulinda roho za watu kwa kuipunguzia injini nguvu. Basi gari lisilovuta mara nyingi si gari lililokufa. Ni gari lililokataa kusadiki ushahidi mbovu.

Tulimkuta Ujiji mwenye HiAce mmoja ambaye gari lake lilikuwa likimwangusha kila mvua inyeshapo. Alikwisha kununua throto ya mtumba, akaifunga, na gari likabaki vile vile. Fundi wa pili, mzee mpole asiyependa maneno mengi, hakugusa spana. Aliuliza tu, "Hukataa lini, bwana?" Alipojibiwa kwamba ni siku za mvua, akaleta mashine ya kusoma makosa, nayo ikaandika P2138.

Hapa ndipo penye jambo letu. Namba hiyo yasema kwamba sensa mbili za pedali hazipatani. Kama zingekuwa sensa za kilango zisizopatana, namba ingekuwa P2135. Na kama kilango kimekwama, ingekuwa P2111 au P2112. Yaani mashine ilikuwa ikitaja pedali, na yule wa kwanza akabadili kilango! Wala namba haisemi kwamba pedali yenyewe ni mbovu. Yataja njia nzima: pedali, plagi yake, nyaya zake na kontroboksi.

Mzee akachukua mita ya umeme. Kwenye plagi ya pedali umeme unaoingia sharti uwe karibu volti 5, nao ulikuwapo. Akapima habari za sensa mbili huku akiikanyaga pedali polepole. Katika HiAce na ndugu zake, pedali ikiwa imeachwa, sensa ya kwanza huonyesha kama volti 0.8 na ya pili kama 1.6, kisha zote hupanda pamoja bila kuruka. Ya pili ilipanda vizuri, mpaka mzee alipozitikisa nyaya, hapo ikaanguka. Akaichomoa plagi, tukaona kutu ya kijani ndani yake. Maji yalikuwa yakipenya katika mpira wa kioo cha mbele uliopasuka, yakifuata nyaya hadi kwenye plagi. Ikasafishwa, pini moja ikabadilishwa, mpira wa kioo ukazibwa. Lile ziwa ni la maji baridi. Wanachama na wapime wenyewe upepo wa chumvi wa Mkoani na Wete wafanyaje kwenye plagi kama ile.

Si kila gari litakuwa na kutu. Gari likizima unapoachia mafuta, au sailensi ikipanda na kushuka, aghalabu kilango kimeshika masizi na mafuta. Katika HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo ni kuinua kiti, kufungua mpira wa hewa na kutazama. Kisafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini, swichi ikiwa imezimwa na betri imefunguliwa. Asisukume mtu kilango kwa kidole wakati umeme umewashwa, kwani mota yaweza kukibana kidole, na gia zake huvunjika upesi. Baada ya kusafisha, magari mengi hutaka kufundishwa sailensi upya, kwa hiyo fundi asiharakishe kusema kazi imeharibika. Itazamwe pia betri: injini ikiunguruma, volti ziwe kati ya 13.5 na 14.5, na waya wa ethi kutoka injini hadi bodi uwe umekaza. Umeme dhaifu huwasingizia mashahidi wema.

Ama wale wenye magari ya zamani zaidi, yenye waya wa chuma kutoka kwenye pedali, hawana haja ya mashine. Mtu mmoja akanyage, mwingine atazame kama kilango kinafunguka hadi mwisho. Kisipofunguka, waya umelegea au umeshika kutu ndani ya ala yake.