Dawa Mbili katika Ganda Moja

Mama akipatwa na kansa ya titi, mara nyingi dawa moja haitoshi. Ugonjwa huo ni mjanja: ukizibiwa njia moja, hutafuta nyingine. Kwa hiyo waganga huchanganya dawa. Huko Kampala, Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilipata sifa kwa kutibu hivyo uvimbe wa taya wa watoto.

Lakini kuna taabu. Dawa ikitiwa mshipani huenea mwilini kote. Huua seli mbaya, nayo huumiza na nzuri. Nywele hunyonyoka, tumbo huchafuka. Doksorubisini yaweza hata kudhoofisha moyo. Tena dawa mbili hazitembei kwa mwendo mmoja: moja hutoka mwilini mapema, nyingine hubaki nyuma peke yake.

Ndipo wataalamu walipobuni vyombo vidogo mno, vyenye upana wa nanometa 100 hivi. Katika milimita moja zimo nanometa milioni moja. Dawa mbili hukaa humo kama karanga mbili katika ganda moja, zikafika pamoja. Mishipa ya uvimbe yaweza kuwa na matundu, na vyombo hivyo hupenya humo.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha paklitakseli iliyofungwa na albumini, kwa kansa ya titi iliyokwisha kuenea. Hiyo ni dawa moja. Mwaka 2017 ikaidhinisha chombo chenye dawa mbili, lakini ni cha kansa ya damu. Kwa titi, vyombo vya dawa mbili vingali katika majaribio.

Basi, mama wa Nyabiondo au wa Mubi asikae kuvingoja. Twajua njia ni ngumu: mwaka 2025 vita vilifika Masisi mjini mwezi wa Januari, na Walikale mjini mwezi wa Machi. Hata hivyo tiba yoyote hufaa zaidi uvimbe ungali mdogo. Kifundo kisichouma, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoka damu: hayo yaonwe upesi na muuguzi wa kituo cha afya, naye atamtuma mgonjwa hospitali kuu.

Nawe baba, mkeo akikuambia habari ya kifundo, usimjibu kwamba kitapoa chenyewe. Tafuta nauli, umsindikize. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.