Farasi na mwanao aliyekwisha kuwa mtu mzima

Magoma, Korogwe, si mahali pa kukutana na farasi. Mzazi wa huko mwenye kijana mkubwa asiyeweza kutembea atauliza: tiba ya kupanda farasi inanihusu nini?

Inamhusu. Wengi huacha mazoezi mtoto akishakua, maana kumwinua ni kazi nzito, na hapo viungo huanza kukakamaa.

Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944, akiwa mtu mzima na mjamzito. Miguu haikupona chini ya magoti. Alirudi kwa farasi akisaidiwa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 akatwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki.

Kinachosaidia ni mwendo. Farasi akitembea, nyonga za aliyempanda hucheza mbele, nyuma na pembeni, karibu kama za mtu anayetembea. Mgongo na tumbo hulazimika kutafuta usawa.

Punda wa maji si mbadala. Akishtuka, mwanao ataanguka. Afadhali benchi lisilo na egemeo: akae, asimamiwe kwa karibu, anyooshe mkono kuchukua kikombe kulia, kisha kushoto. Kwanza aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama ana kifafa.