Mai Wurno: Kiongozi wa Muhajirina wa Sokoto Ukingoni mwa Nili

Ndugu msomaji, kila unapoandama mwezi wa Muharram hutajwa misikitini mwetu Hijra ya Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake kutoka Makka kwenda Madina. Ni nadra kutajwa hijra nyingine zilizofuata nyayo zake, ilhali moja kati ya hizo ilipita katika bara letu hili la Afrika, miaka mia moja na ushei iliyopita. Ijumaa ya leo tunamkumbuka mtu aliyeipokea hijra hiyo ikiwa imekwisha vunjika, akaiongoza hadi ilipotua: marehemu Muhammad Bello bin Attahiru, mashuhuri kwa jina la Mai Wurno, aliyefariki dunia nchini Sudan mwaka 1944.

Marehemu alikuwa wa kizazi cha Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani aliyeasisi dola ya Kiislamu ya Sokoto mwanzoni mwa karne ya 19, katika ardhi ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria. Mwezi Machi 1903 majeshi ya Kiingereza yaliuteka mji wa Sokoto. Sultani Muhammadu Attahiru, baba yake marehemu, alikuwa hata mwaka mmoja hajautimiza katika kiti. Akatoka mjini, akaelekea mashariki, akatangaza kuwa nia yake ni kuhajiri kwenda Makka. Mwezi ule ule Waingereza wakamtawaza Sultani mwingine, naye jina lake Attahiru vilevile!

Hapo wanavyuoni walikhitilafiana. Waziri wa Sokoto, Muhammadu Buhari, alichagua kubaki, akaandika risala ya kuhalalisha kusalimu amri kwa ulimi huku moyo ukibaki na dini yake, ili Waislamu wasiangamie. Wengine waliona kwamba ardhi iliyotawaliwa na asiyekuwa Mwislamu haikaliki, na kuhama ni wajibu. Mwandishi wa makala hii hathubutu kumhukumu yeyote kati yao, kwani sisi tunaosoma habari hizi majumbani mwetu hatukuisikia ile mizinga.

Kila kijiji alichopita Sultani, watu walitoka kumfuata: wake kwa waume, wazee na watoto, wengine wakiswaga mifugo yao. Waingereza, waliokuwa wamedhani kwamba mambo yamekwisha, wakashtuka. Wakamfuatia hadi Burmi, mashariki ya nchi, ambako mwezi Mei walipigana na wenyeji wa mji huo wakarudishwa nyuma. Tarehe 27 Julai 1903, sawa na mwaka 1321 Hijria, walirudi na nguvu kubwa zaidi. Sultani Attahiru akauawa siku hiyo pamoja na mamia ya watu wake.

Ilidhaniwa kwamba msafara ungetawanyika, kila mtu akarejea kwao. Wapo waliorejea. Lakini maelfu walimgeukia mwana wa Sultani. Hakuwa na dola, hakuwa na hazina, hakuwa na jeshi la kutajika. Alichorithi kwa baba yake kilikuwa ni safari. Akawavusha Bornu, wakapita nchi za Chad na Darfur, wakaingia Sudan, mwendo wa miaka kadhaa.

Jina alilojulikana nalo lenyewe lina hadithi yake. Wurno ni mji ulio karibu na Sokoto, uliojengwa na Sultani Muhammad Bello, mwana wa Shehu, ambaye marehemu alikuwa somo yake. Na "mai" kwa Kihausa ni mwenye, kama wazee wetu wa pwani walivyosema mwinyi. Basi Mai Wurno ni Mwenye Wurno, cheo cha mji aliokwisha kuuacha nyuma kabisa. Waliopokuja kutua ukingoni mwa Nili ya Buluu, kusini ya mji wa Sennar, kijiji chao kikaitwa kwa jina lake, na hadi leo katika ramani ya Sudan kimeandikwa Maiurno.

Msomaji atauliza: je, Makka? Wengine waliendelea hadi Hijaz. Wengi walibaki, wakalima. Walikuwamo walioshika riwaya iliyonasibishwa kwa Shehu mwenyewe, kwamba ipo siku watu wake watahamia mashariki, kwenye Nili, na kwao kufika pale tayari kulikuwa ni kutimia kwa jambo. Kisha yalikuwapo mambo ya riziki. Waingereza walikuwa wanajenga bwawa la Sennar, lililokamilika mwaka 1925, na kufungua mashamba makubwa ya pamba ya Jazira. Walihitaji mikono, na watu wa Afrika Magharibi walikuwa wachapakazi. Kwa hiyo dola ile ile iliyomuua baba ikamkubali mwana kuwa mkuu wa kijiji chake. Haikumwamini, hata hivyo. Mwaka huo huo wa 1925 serikali ya Nigeria ilimtuma ofisa wake, Lethem, hadi Sudan kuchunguza nyendo za wahamiaji hawa.

Kuishi kati ya macho ya namna hiyo, na watu wako wasidhurike, kunahitaji subira ambayo haiandikwi sana katika vitabu vya historia, vinavyopenda vita. Marehemu aliwaongoza kwa takriban miaka 41. Uongozi ukabaki katika ukoo wake, na Kihausa na Kifulani vikaendelea kusemwa kijijini sambamba na Kiarabu.

Katika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwafungia udugu Muhajirina na Ansari. Watu wa Maiurno hawakupata bahati hiyo kwa ukamilifu. Waliitwa Fallata, jina ambalo mara nyingi lilitamkwa kwa dharau, hata na Waislamu wenzao waliosimama nao safu moja. Sheria ya uraia ya mwaka 1957, mara baada ya uhuru, ilimtambua kuwa Msudani wa kuzaliwa yule ambaye wazee wake walikuwapo nchini tangu mwisho wa mwaka 1897. Waliotoka Burmi walikuwa wamechelewa kwa miaka michache tu! Mtu aliyezaliwa Maiurno, akazika wazazi wake pale, alibidi aombe uraia kama mgeni. Sheria ya mwaka 1994 ndiyo iliyousogeza mpaka huo hadi tarehe 1 Januari 1956, na wakati huo marehemu alikuwa amekwisha timiza nusu karne tangu afariki.

Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wote waliotembea pamoja naye. Amin.