Hospitali Ikiwa Mbali: Mafunzo ya Mlimani kwa Watu wa Saza

Ndugu msomaji, wewe unayeishi mjini umekwisha zoea kwamba mtu akianguka kazini au mtoto akiungua jikoni, hospitali haiko mbali. Gari litapatikana, na lisipopatikana, pikipiki haikosekani. Lakini likizo ikifika unafunga mizigo, unapanda basi pamoja na jamaa yako na kwenda kwa wazee. Huko safari ya kumfikia daktari, ambayo mjini ni ya nusu saa, huenda ikawa ya nusu siku. Swali la makala hii ni moja tu: katika nusu siku hiyo, wewe utafanya nini?

Tuitazame Saza. Kata hii imo katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya joto na miombo upande wa Ziwa Rukwa, na tena ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956, nao ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika ya siku zile. Mgodi ulifungwa, lakini dhahabu haikwisha. Hadi leo wachimbaji wadogo wa sehemu hizo hushuka katika maduara kutafuta riziki. Makao makuu ya wilaya yako Mkwajuni, na hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya mjini. Kutoka kwenye machimbo hadi huko kuna njia za vumbi wakati wa kiangazi, na mito ya mchanga ambayo hujaa ghafla wakati wa mvua.

Sasa, ni nani nchini mwetu aliyejifunza kwa dhati namna ya kumhifadhi majeruhi pale ambapo gari halifiki? Yumkini utashangaa nikikuambia kwamba ni waongozaji na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Watu hawa hulala juu ya mawingu, siku mbili au tatu kutoka kwenye lango la mlima, wakiwa na dhamana ya roho za wageni na za wenzao. Elimu yao haina sababu ya kubaki mlimani. Yafaa ishushwe hadi Saza.

UGUMU UNAOUA

Njia ya Marangu humpandisha mtu hatua kwa hatua: Mandara, mita zipatazo 2,700 juu ya usawa wa bahari; Horombo, mita 3,700; Kibo, mita 4,700; kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo kani ya hewa inavyopungua. Pale kileleni kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu huipata akiwa Dar es Salaam. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, ila huhitaji muda. Ndiyo maana neno la kwanza analofundishwa mgeni ni "polepole", na ndiyo maana wenye busara huongeza siku moja ya kupumzika pale Horombo.

Mwili usipopewa muda huo, maradhi ya mwinuko huanza. Kichwa huuma, chakula hakipendezi, kichefuchefu huja, na usingizi hupotea. Hayo ni maonyo. Yakipuuzwa, hatari mbili huweza kufuata. Ya kwanza ni kuvimba kwa ubongo: mgonjwa hupepesuka kama mlevi na maneno yake hayaeleweki. Waongozaji humpima kwa kumwambia atembee katika mstari ulionyoka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hakuna mjadala. Ya pili ni maji kujaa katika mapafu: mgonjwa hutweta hata akiwa amekaa, hukohoa, na baadaye hutoa povu lenye rangi ya damu.

Kanuni za mlimani ni tatu, na zinafaa kukaririwa. Kichwa kikiuma juu ya mlima, hesabu kwamba ni maradhi ya mwinuko mpaka ithibitike vingine. Mwenye dalili asipande zaidi. Hali ikizidi kuwa mbaya, mgonjwa ateremshwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama kilele kinaonekana. Oksijeni na dawa zipo na husaidia, lakini haziwi badala ya kushuka. Kwa kazi hiyo Kilimanjaro kuna machela ya gurudumu moja, ambayo watu kadhaa huisukuma na kuizuia kwenye mteremko wa mawe.

Haya si mambo magumu kuyajua. Ugumu wake uko kwingine. Wapagazi hupenda kujiita "wagumu", na kwa haki kabisa, maana kazi yao haifanywi na mtu legelege. Lakini mgumu hukawia kusema, "Ndugu zangu, kichwa kinanigonga." Anafikiri ujira wake wa safari hii na wa safari ijayo. Mgeni naye hukawia kusema kwa sababu ameweka akiba miaka mingi ili aone kilele. Hivyo wote wawili wananyamaza, na ukimya huo ndio unaoua. Taifa letu lina fahari yake juu ya mlima ule: usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha kileleni bendera na Mwenge. Nenda ukapaone ukijaliwa. Lakini mlima haukimbii. Aliyeshuka leo aweza kurudi mwakani.

Je, ugumu huo haupo Saza? Upo, na si kwa wachimba dhahabu peke yao. Kijana aliyeumia duarani husema "si kitu" ili asikose mgawo wake. Mama mjamzito hufunga kanga na kunyamaza ili asiwasumbue watu usiku. Somo la kwanza la huduma ya kwanza, kabla ya bandeji, ni kujenga desturi ya kusema mapema na ya kumsikiliza anayesema bila kumcheka.

USIWE MAJERUHI WA PILI

Jambo likitokea, simama kwanza. Vuta pumzi, tazama mahali penyewe. Je, jiwe jingine litaanguka? Moto unakuja? Nyoka yupo bado? Mwokoaji anayeruka bila kutazama huongeza idadi ya majeruhi.

Katika maduara ya dhahabu kanuni hii ni ya kufa na kupona. Pampu ya petroli ikiunguruma ndani ya shimo, moshi wake hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mchimbaji wa kwanza huanguka. Mwenzake, kwa upendo, humfuata, naye huanguka. Wa tatu vilevile. Ndugu msomaji, upendo wa namna hiyo hauokoi mtu. Izimeni injini, mwiteni aishike kamba kama bado anasikia, pulizeni hewa safi ndani ya shimo, na piteni kila njia kuwapata watu wenye vifaa vya kupumulia. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Fanyeni vivyo hivyo kwa mtoto aliyetumbukia katika shimo la zamani lililojaa maji ya mvua: asiyejua kuogelea arushe kamba, gogo au dumu tupu, asijitose.

Mahali pakiwa salama, fuata utaratibu. Kwanza damu inayotoka kwa nguvu, kisha njia ya hewa, kisha kupumua, halafu mengine yote. Asiyeitika lakini anapumua, na ambaye hakuumia shingo, alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie. Asiyeitika na asiyepumua asukumwe kifua katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa kasi: mara 30, kisha pumzi mbili kinywani, na kurudia. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyezama majini huanzishwa kwa pumzi, kwa kuwa alichokosa ni hewa.

KUBANA, KUFUNGA NA KUTOFUNGA

Damu huzuiwa kwa kubana. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja, ukae hivyo dakika kumi bila kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kukoma, ndipo unapofunga kitambaa kipana, upana wa vidole vinne hivi juu ya jeraha, lakini si juu ya kiungo, ukikaza kwa kuzungusha kijiti mpaka damu isimame. Waya au uzi mwembamba haufai, kwani hukata nyama. Andika saa uliyofunga, wala usilegeze mpaka mfike kwa mganga.

Lakini nyoka ana sheria nyingine. Hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa wamefundishwa kufunga, kuchanja na kunyonya. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, wala usitegemee jiwe la nyoka. Sumu ya kifutu huharibu nyama; ukiizuia mahali pamoja kwa kamba, unaongeza madhara. Mtulize aliyeumwa, mvue pete, bangili na saa kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kifungwe gango kisitikisike, naye abebwe. Asitembee kama ipo njia yoyote ya kumbeba. Usipoteze muda kumfukuza nyoka. Dawa ya sumu iko hospitali, na kazi yako ni kumfikisha mapema. Swila akimtemea mtu machoni, osha macho kwa maji mengi.

Mfupa uliovunjika ufungwe gango la mti au gazeti lililokunjwa, likipita kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Kisha tazama vidole: vikiwa baridi au vyeusi, umekaza mno. Aliyeungua amwagiwe maji safi yasiyo na barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga viacheni mahali pake. Havina kazi juu ya kidonda cha moto.

Na baridi je? Mlimani mtu aliyelowa huanza kutetemeka; akiacha kutetemeka huku akisinzia, hajapona, bali hali yake imezidi. Hubadilishwa nguo, hutandikiwa kitu kikavu chini yake, hufunikwa, na akiweza kumeza hupewa chai yenye sukari. Pombe hapewi kamwe. Usidhani kwamba kwa kuwa Saza kuna joto somo hili halikuhusu. Majeruhi aliyepoteza damu na kulazwa chini hupoteza joto hata katika nchi ya jua. Mtandikie, mfunike.

NANI AKAITE GARI?

Aliyeanguka kutoka juu na kulalamika shingo au mgongo asihamishwe, isipokuwa mahali penyewe pana hatari. Wengine wabebwe. Blanketi na miti miwili mirefu hutosha kufanya machela, lakini ijaribiwe kwanza kwa mtu mzima. Wapokezane wabebaji wanne wanne, na mmoja atembee kichwani mwa mgonjwa akimtazama uso na pumzi.

Wakitumwa watu kuomba msaada, waende wawili, nao wabebe karatasi. Maneno hubadilika njiani, maandishi hayabadiliki. Iandikwe: jina la mgonjwa, umri, kilichotokea na saa, hali yake, alichofanyiwa, na mahali alipo. Mganga akiipokea karatasi hiyo huanza kazi pale ulipoishia wewe.

Sanduku la nyumbani au la safarini si ghali kulikusanya: bandeji pana, vitambaa safi, plasta, glovu, mkasi, sabuni, pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, tochi, kalamu na daftari. Ongeza kanga mbili, maana kanga ni bandeji, ni mbeleko ya mkono uliovunjika, na ni shuka la kumsitiri mgonjwa.

Hata hivyo, kusoma makala si kujifunza. Mikono haijui mpaka ifanye. Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichowekwa kwa sheria mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza. Kadhalika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuweka vifaa vya huduma ya kwanza. Wewe mfanyakazi, uliza hapo kiwandani au ofisini: sanduku liko wapi, ufunguo anao nani, na ni nani kati yetu aliyefundishwa? Ukijibiwa kwa kimya, basi umekwisha ijua kazi ya mkutano ujao.

Leo ni Jumapili na jamaa wako nyumbani. Baada ya chakula, liweke gazeti hili kando, mlaze kijana mmoja kwenye mkeka, ukamwambie mdogo wake amfunge mkono kwa kanga. Watacheka, na kanga italegea. Wafungue, warudie. Siku mtakapokuwa njiani kwenda kwa bibi, mbali na kila hospitali, fundo lile litakuwa limekwisha jifunza kukaa.